Aliyeshika kalamu kabla ya kushika kichwa changu

Mi ni fundi cherehani hapa Moshi, kibanda changu kipo jirani na soko la Mbuyuni, na kwa miaka mitatu droo ya cherehani yangu ilikuwa haikosi vitu vinne: bobini, chaki, sindano na karatasi ya vidonge vya maumivu. Ikifika saa saba mchana kuna kitu kinaanza kwenye kisogo, kinapanda taratibu kinazunguka sikio mpaka juu ya jicho la kushoto, yaani ni kama mtu kanifunga kilemba cha waya alafu kila nusu saa anakuja kukaza. Msimu wa sare za shule na za kwaya ndo ilikuwa balaa zaidi maana unainama toka saa mbili asubuhi hadi taa zinawashwa, na mteja akija kuchukua nguo hataki kusikia habari ya kichwa chako, anataka vifungo vyake.

Hospitali nilienda, nisije nikaeleweka vibaya. Nilipimwa presha ikawa nzuri, nikapimwa macho nikapewa miwani, malaria hakuna, kuna mahali nikaambiwa taifodi nikameza dawa za taifodi na kichwa kikaendelea kuuma vilevile. Lakini kuna swali moja hakuna mtu aliyeniuliza, na mi mwenyewe sikulisema, kwa sababu kwangu parasetamo haikuwa dawa. Ilikuwa kama chai. Nani anamwambia daktari kwamba amekunywa chai?

Mdogo wangu anafanya kazi Arusha kwenye nyumba moja ya kulaza watalii, ndo alinipigia jioni moja akaniambia dada, kuna mgeni hapa amenisimulia tiba ya kichwa, hawakandi, hawachui, hawavuti, wanakushika kichwa tu. Nikamwambia kushikwa kichwa tu hata mama alikuwa anatushika. Akanyamaza kidogo akasema ndiyo, na si ulikuwa unalala?

Hilo neno lilinikaa. Mama alikuwa na kiganja kigumu cha mtu wa shamba, na homa ikikupanda usiku anakuwekea kile kiganja kwenye paji la uso hasemi kitu, anakaa tu mpaka unapitiwa. Sijui ni mwaka gani mara ya mwisho mtu kunishika kichwa bila kutaka kukisuka.

Basi nikaanza kusoma. Hiyo tiba inaitwa kraniosakrali, jina linatoka kwenye fuvu na ule mfupa wa chini ya kiuno unaokaa juu ya kifandugu, maana wanaoifanya wanasema kati ya sehemu hizo mbili kuna maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo (hayo maji yapo kweli, hata hospitali wanayajua) na kwamba yana mapigo yake ya polepole ambayo mtu aliyefundishwa anaweza kuyahisi kwa vidole. Aliyeanzisha wazo hili ni Mmarekani mmoja, William Garner Sutherland, alikuwa mwanafunzi wa osteopathi (tiba ya kutumia mikono kwenye mifupa na misuli) kule Kirksville, Missouri, mwishoni mwa miaka ya 1800. Aliangalia fuvu lililotenganishwa mifupa akaona kingo za mfupa wa pembeni ya kichwa zimechongwa kama mashavu ya samaki, akajisemea kama zimechongwa hivi basi zimeumbwa ili zicheze. Mafundi wa nguo tutamwelewa haraka huyu mtu, ukiona mshono umekatwa kwa ulalo unajua aliyekata alitaka kitambaa kinyumbulike. Alijaribu kwenye kichwa chake mwenyewe, akajifunga mikanda na vitu vya kubana ili aone kitatokea nini. Baadaye miaka ya 1970 akaja John Upledger, naye osteopathi, anasema akiwa anasaidia kwenye upasuaji wa shingo aliona utando unaofunika uti wa mgongo unacheza kwa mapigo ambayo si ya moyo wala si ya pumzi. Akafanya kazi chuo kikuu cha Michigan State, na mwaka 1985 akafungua taasisi yake Florida, hapo ndo tiba ikatoka mikononi mwa osteopathi ikaenda kwa wachuaji, manesi na wataalamu wa tiba asilia wa kila aina.

Alafu nikasoma upande wa pili, na huu nausema kwa sauti ileile. Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana. Mtoto mchanga ana utosi, tunaujua wote, wa nyuma unafunga kwenye miezi miwili hivi na wa mbele kati ya mwaka na mwaka na nusu, lakini mama wa miaka arobaini na tatu kama mimi hana mshono wa kuchezesha kwa kidole. Na yale mapigo, watafiti walishawaweka wataalamu wawili wampime mtu yuleyule mmoja, kila mmoja akaja na hesabu yake, hazifanani. Nilisoma hayo saa tano usiku kichwa kinagonga, nikafunga simu nikalala. Asubuhi bado nilitaka mtu anishike kichwa.

Wa kwanza nilimpata hapahapa Moshi. Chumba juu ya duka, koti jeupe, na ile mashine ya kushika chuma mkononi inayotoa karatasi ya magonjwa yako yote. Karatasi ilisema ini limechoka, figo zina sumu, damu nzito. Alafu akaniambia mifupa ya fuvu langu imepandana, ataiachanisha mara kumi, laki tatu na nusu pamoja na unga wa kusafisha mwili. Nikauliza wewe ni mtaalamu wa kraniosakrali? Akasema mimi nafanya zote. Kabla sijajua kinachoendelea ameshanishika kidevu na kisogo, kanigeuza shingo kwa nguvu ikalia kama kijiti kikavu. Nilitoka pale nashikilia ukuta, wiki nzima nageuka mwili mzima mtu akiniita. Uchungu wangu mkubwa sio hela (nililipa elfu arobaini tu ya kipimo), ni kwamba kitu alichonifanyia hakina undugu wowote na hiyo tiba. Mguso wa kraniosakrali wanaufundisha kwamba usizidi gramu 5, yaani uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Anayekuzungusha shingo hadi ilie anafanya kitu kingine kabisa, na shingoni ndo inapita mishipa ya damu inayoenda kwenye ubongo. Mtu akikwambia kraniosakrali alafu akaanza kuzungusha, nyanyuka ukavae viatu.

Wa pili sikufika hata mlangoni, ni hoteli ya watalii, bei ilikuwa kwa dola, ukihesabu ni kodi ya kibanda changu miezi miwili.

Sisi watu wa huku hatujaanza leo kusafiri kutafuta uponyaji. Mwaka 2011 nusu ya mtaa wetu ilipanda magari kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe kimoja cha dawa yake shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita. Mama naye alikwenda, alirudi vumbi hadi kwenye kope, na kitu alichokuwa anasimulia miezi mingi baadaye ni watu wa kwenye foleni, walivyogawana ndizi na maji na kila mmoja alivyokuwa anasimulia ugonjwa wake na mwenzake anamsikiliza hadi mwisho. Nimefikiria sana hiyo sehemu ya kusikilizwa.

Baada ya yule wa koti jeupe nikasema sitaenda tena kwa kuambiwa tu. Kuna jirani yangu mwanae ni nesi, yeye ndo alinifungua macho kwamba nchi yetu ina sheria ya haya mambo, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya Wizara ya Afya ambalo linasajili watoa huduma pamoja na vituo vyao. Naturopathi, yaani tiba asilia ya maji, hewa, chakula na usingizi, inaingia upande wa tiba mbadala. Kwahiyo una haki kabisa ya kumwambia mtu naomba nione cheti chako cha usajili, na ukiwa na mashaka kuna mratibu wa tiba asili kwenye halmashauri, muulize. Nilikuwa naona aibu kuuliza, naona kama ni kumdharau mtu. Sa hivi naona tofauti, mbona mteja akinipa kitambaa cha laki mbili ananiuliza nimejifunzia wapi na ananiomba nimwonyeshe suti niliyoshona, na sinuni? Kichwa si zaidi ya suti?

Mdogo wangu ndo alimpata huyu wa tatu, mama mmoja wa makamo anaishi Njiro, Arusha, amesomea tiba asilia nje ya nchi na kozi za kraniosakrali juu yake. Nikamtumia ujumbe wa maswali matatu: una usajili, umejifunza wapi na kwa muda gani, na je unaweza kuponya kipanda uso, yaani hiki kichwa cha upande mmoja. Alijibu mawili ya kwanza kwa picha za vyeti. La tatu alijibu "siwezi kukuahidi." Ndo nikakata shauri niende.

Nilipanda coaster ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mlima ulikuwa wazi mweupe juu, Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, kila kituo konda anagonga bati na kila akigonga nahisi ndani ya jicho. Nikachukua kifodi cha Njiro, mdogo wangu akanipokea.

Nilimwita dokta, akanikatisha kwa upole, mimi sio daktari, niite dada inatosha. Nikadhani tutaingia chumba cha kitanda. Tulikaa mezani. Alichukua kalamu na daftari na kwa saa nzima, nasema saa nzima, alikuwa anauliza na kuandika. Kinaanzia wapi, kinaanza saa ngapi, ukisikia harufu kali inakuwaje, mwanga je, unatapika? Umewahi kuanguka au kugongwa kichwa? Umewahi kupooza upande, kupata degedege, kuambiwa una mshipa umevimba kichwani? Unatumia dawa ya kulainisha damu? Una mimba? Akanieleza kwanini anauliza, kwamba mtu aliyeumia kichwa karibuni, au aliyevuja damu kwenye ubongo, au aliyepata kiharusi juzijuzi, yeye hamgusi kabisa, maana ndani ya fuvu presha haitaki mchezo. Akauliza pia kuna maumivu yaliyowahi kuja ghafla kama radi, kuna ganzi, kuona viwili viwili? Hakuna. Kisha akauliza unakula saa ngapi, unalala saa ngapi, meza ya cherehani ina kimo gani.

Alafu likaja lile swali.

"Vidonge vya maumivu unameza vingapi?"

Nikajibu kawaida tu, viwili, vitatu.

"Kwa wiki?"

Nikanyamaza. Akasubiri, hakunisaidia. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, Jumatatu, Jumanne, nikagundua siku ambayo sijameza ni Jumapili tu, na sio kila Jumapili. Na vingine vilikuwa vile vya mchanganyiko vyenye kafeini kwa sababu vinafanya kazi haraka. Alitua kalamu chini akaniangalia, akasema dada yangu, hapa kuna kitu daktari anatakiwa akisikie, na mimi nitakuandikia karatasi umpelekee.

Kitu chenyewe ni hiki, na daktari alikuja kunieleza wiki ile ile kwa utaratibu mzuri sana. Dawa za maumivu za kawaida kama parasetamo ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, na zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, na ukaendelea hivyo zaidi ya miezi mitatu, kichwa kinaweza kuanza kuuma kwa sababu ya dawa zenyewe. Dawa ikiisha mwilini maumivu yanarudi, unameza, yanatulia, yanarudi tena. Kipanda uso nilikuwa nacho toka mwanzo, shingo ya kuinama ilikuwepo, lakini kilemba cha waya cha kila siku kilikuwa kinakazwa na mkono wangu mwenyewe kutoka kwenye droo. Miaka mitatu! Nililia pale, sio kwa maumivu.

Lakini turudi Njiro. Siku ile baada ya kalamu ndo akaniambia tupande kitandani kama bado nataka. Unavua viatu tu, nguo unabaki nazo. Alianza miguuni, akashika visigino, kimya. Kisha akaweka mkono mmoja chini ya kiuno changu pale kwenye mfupa wa sakramu, akauacha hapo muda mrefu hadi nikawa sijui mkono unaishia wapi na mgongo unaanzia wapi. Mwisho akakaa kichwani kwangu, vidole vyake vikawa chini ya kisogo, vimesimama tu, uzito wa kichwa changu ndo unavishukia. Hakukanda. Hakusukuma. Nje jogoo wa jirani aliwika, mwezi wa kumi na moja ule, mjakaranda ulikuwa unadondosha maua kwenye bati, unasikia kabisa, tup, tup. Nilikumbuka kiganja cha mama hadi harufu yake ya majani ya ng'ombe. Nilipitiwa na usingizi, dakika arobaini na tano zilipita sikuzijua.

Nikamuuliza baada ya kuamka, yale mapigo uliyahisi? Akasema nahisi kitu, ndivyo nilivyofundishwa kukiita, ila siwezi kukuthibitishia na sitakwambia kwamba nimesogeza mfupa wako. Nilimheshimu sana kwa hilo jibu kuliko angenichorea mchoro. Na mimi baada ya kusoma yote niliyosoma msimamo wangu ni huu: siamini kwamba fuvu langu lilicheza. Naamini kwamba mwili uliobanwa kuanzia mabega hadi taya, ukipewa karibu saa nzima ya mikono isiyodai chochote, unaachia. Hilo silisemi kwa kusoma, nililala pale.

Daktari alinishauri niache vidonge, akanipa dawa nyingine ya kuzuia kipanda uso na akanionya kwamba siku za mwanzo zitakuwa mbaya, zinaweza kuwa mbili hadi kumi. Zangu zilikuwa tisa. Usiombe. Siku ya tatu nilitapika asubuhi hadi mchana, binti yangu alifunga kibanda akakaa na mimi na kitambaa cha maji baridi, wateja wawili wa send-off walinitukana kwenye simu. Siku ya tano mdogo wangu alikuja na gari la kuazima akanipeleka Njiro, nikalala tena kwenye kile kitanda na safari hii sikupata usingizi, nililia tu kimya na yule dada hakuondoa vidole wala hakuniambia nyamaza. Hakuna dawa pale iliyoniponya. Lakini kurudi nyumbani bila kununua vidonge njiani, na maduka ya dawa ni mengi mnayajua, hiyo siku niliiweza kwa sababu ya kile mikono yake ilichonipa.

Na mambo mengine aliyonipa ni ya kawaida kabisa, ndo tiba asilia yenyewe ilivyoanza, padri Sebastian Kneipp kule Ujerumani na maji yake ya baridi, kisha Benedict Lust akaipeleka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1890: maji, hewa, chakula, usingizi, mwili ujitengeneze. Kwangu ilikuwa kupandisha meza ya cherehani kwa matofali, kula kabla ya saa saba na sio saa kumi, kunyanyuka kila nikimaliza kipande, kulala saa ileile. Na daftari. Kila siku naandika, kiliuma au hakikuuma, nilimeza au sikumeza. Nilikwenda kwake mara tano jumla, elfu thelathini na tano kila mara, mara ya tano akaniambia sioni sababu ya kukuita tena, ukitaka kupumzika njoo. Mwezi uliopita daftari lina siku nne za kichwa, na siku mbili za dawa.

Sasa watu wa sokoni wameona na kila mtu anataka nimpeleke. Namba ya mtu siitoi ovyo, ila naenda na mtu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja anauza ndizi mbele ya kibanda changu, kichwa kilikuwa kinamsumbua wiki mbili, tukapanda coaster pamoja, nauli kajilipia kwa shida. Yule dada akatoa kalamu. Alipofika kwenye swali la kuanguka, mama akasema hapana, labda ile ya bodaboda tu, ni ndogo, niligonga kichwa kidogo kwenye kingo ya barabara. Lini? Kama wiki mbili. Kalamu ikasimama. Akafunga daftari akasema mama yangu, leo sikushiki, leo unakwenda hospitali, na sio kesho.

Mama wa ndizi alikasirika, akaniambia njiani umenitoa Moshi kote huko nije nifukuzwe. Sikumjibu, nilimshika mkono hadi mapokezi. Tulikaa kwenye benchi mpaka saa moja jioni, wakampiga ile picha ya CT, ikatoka safi, Mungu ashukuriwe, wakamwambia apumzike na arudi wamwone baada ya wiki. Nauli ya kurudi nililipa mimi. Hadi leo hajaenda tena Njiro, lakini bahasha ya ile picha ameiweka chini ya meza ya ndizi amefunga na mfuko wa nailoni isilowe, anasema siku akienda ataanza kwa kuiweka mezani kabla hajaulizwa.